Tamko na Kioo: Maelezo ya Matamko ya Kiganga katika Michezo ya Kuigiza Wahusika

Miongoni mwa matini ambazo uhakiki wa fasihi haujazipa nafasi inayostahili ni zile zinazosomwa ili zitendwe papo hapo. Tamthilia imehakikiwa kwa mapana na marefu. Na tangu Albert Lord alipochapisha utafiti wake juu ya manju wa Yugoslavia mwaka 1960, na Ruth Finnegan wake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, ni vigumu kwa mwanachuo wa fasihi simulizi kuyatenganisha maneno ya msanii na utendaji wake. Lakini ipo matini nyingine, fupi, kavu, iliyosongamana tarakimu, ambayo watu wengi huisoma kila juma kabla ya kutenda jambo mbele ya hadhira ndogo ya wenzao. Hiyo ni matini inayoeleza tamko la kiganga katika michezo ya kuigiza wahusika, na makala haya yanakusudia kuchunguza kinachoipata inapoondolewa kitabuni na kuonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta.

Yafaa kwanza kumweleza msomaji ambaye hajaukuta mchezo wenyewe. Ule uliotangulia yote, Dungeons & Dragons, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974, nao ni kazi ya Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota. Watu watano au sita huketi mezani. Mmoja wao ni msimulizi: yeye huuchora ulimwengu kwa maneno, huwaigiza maadui na wapita njia, na ndiye mwamuzi wa sheria. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, humsemea na kumtendea; na pale ambapo matokeo ya tendo yana shaka, dadu hutupwa. Hakuna aliyeiandika hadithi hiyo kabla haijachezwa. Mhusika ana karatasi yake, na katika karatasi hiyo zimeandikwa nguvu zake, akili yake, silaha zake na, akiwa mganga, matamko anayoyajua. Pengine neno 'mhusika' linakaa hapa vizuri zaidi kuliko linavyokaa katika riwaya, kwa kuwa hapa kweli yupo mtu anayehusika.

Suala la istilahi haliwezi kurukwa. Kiswahili hakikupungukiwa maneno katika uwanja huu; kimejaaliwa nayo kupita haja. Kago hulinda, fingo huzikwa, hirizi huvaliwa, zinguo huondoa, apizo hudhuru, kombe huandikwa likaoshwa kisha likanywewa. Kila neno limeshika kazi yake na halikubali kubeba ya jirani yake. Mchezo wa Kimarekani, kwa upande wake, una neno moja tu kwa yote hayo, lenye kuchukua uponyaji, mauaji, upelelezi na hata kuwasha taa. Humu limechaguliwa neno 'tamko', kwa sababu takriban mambo yote hayo katika mchezo huanzia kinywani. Na anayetamka ameitwa mganga wala si mchawi, kwa kuwa mchezo wenyewe haumhukumu. Majina ya matamko yamefasiriwa kwa ajili ya makala haya, na fasiri hizo si za mwisho.

Tamko katika mchezo huu lilianza kama mzinga. Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walitoa kijitabu cha sheria za vita vya askari wa sanamu, Chainmail, na katika nyongeza yake ya mambo ya ajabu mganga alipewa Tufe la Moto na Radi, vyote viwili vikipimwa kwa kipimo cha silaha za kuvunjia ngome. Miaka mitatu baadaye, katika vijitabu vitatu vya kwanza vya Dungeons & Dragons, tamko lilielezwa kwa mistari michache tu, pengine kwa kudhaniwa kwamba msomaji anajua mengine. Kutoka kwa Jack Vance, mwandishi wa The Dying Earth (1950), Gygax alichukua wazo la mganga kulikariri tamko na kulipoteza akilini mara alitamkapo, wala hakulificha deni hilo. Ni mwaka 1978, katika kitabu cha wachezaji cha toleo lililopanuliwa, ambapo umbo la matini hii liliimarika: juu, orodha ya masafa, muda, eneo, vifaa, wakati unaochukuliwa na tamko na mtupo wa kujiokoa; chini yake, maelezo ya nathari. Kwa urahisi wa mjadala, sehemu ya juu na iitwe kichwa, ya chini iitwe kiwiliwili. Mengi yaliyofuata yanaweza kusomwa kama ugomvi baina ya viungo hivyo viwili.

Kiwiliwili cha Gygax kilikuwa na makeke. Tufe la Moto la mwaka 1978 lilijaza futi za ujazo zipatazo 33,000, nalo lilifuata umbo la mahali lilipolipuka. Aliyelirusha katika ujia mwembamba alijikuta akihesabu vyumba, na mara nyingine akigundua kwamba ameketi ndani ya hesabu yake mwenyewe. Hayo hayakuwa katika kichwa cha matini. Mchezaji aliyesoma masafa na idadi ya dadu akaacha nathari aliungua. Mwaka 2008, toleo la nne likageuza mambo: kila uwezo ukatiwa ndani ya kisanduku chenye utepe wa rangi, kijani kwa unaotumika wakati wowote, mwekundu kwa unaotumika mara moja katika pambano, mweusi kwa unaotumika mara moja kwa siku. Kichwa kikameza kila kitu, na kiwiliwili kikabaki sentensi moja ya kupamba, iliyochapwa kwa herufi za mlazo, isiyo na uzito wowote wa kisheria. Wachezaji wengi walilalamika, na toleo la tano la mwaka 2014 likairudisha nathari.

Hata hivyo nathari hiyo ilirudi katika ulimwengu uliokwisha badilika. Programu ya Fantasy Grounds ilikuwapo tangu mwaka 2004, Roll20 ilianza mwaka 2012, D&D Beyond ikafuata mwaka 2017 na Foundry mwaka 2020, mwaka uleule ambao ugonjwa wa Korona uliwafungia watu majumbani na kuihamishia mtandaoni meza iliyokuwa ya mbao. Toleo lililoandikwa ili lisomwe kitabuni likaanza kusomwa kwa sehemu kubwa mahali ambapo kitabu hakifunguliwi.

Na uangaliwe mfano mmoja. Mganga wa daraja la tano, mwenye akili ya 18, anafungua karatasi yake katika D&D Beyond. Matamko yake yamepangwa katika jedwali lenye safu za jina, wakati, masafa, namba ya kushambulia au ya kujiokoa, athari, na maelezo mafupi. Tufe la Moto limepata mstari mmoja: tendo moja, futi 150, wepesi, 15, dadu nane za pande sita, duara la futi 20, na herufi tatu zinazosimamia sauti, ishara na kifaa. Maelezo kamili hayakufutwa, na ni haki kusema hivyo waziwazi: jina likibofywa, matini nzima hufunguka pembeni. Lakini kubofya ni kazi ya ziada, na katikati ya pambano, wenzake wanne wakimngojea, mchezaji hufanya kazi moja tu, ile ya kubonyeza kitufe cha dadu. Hapo ndipo mnywaji wa kombe anapokumbukwa. Maandishi yamo, tena yana nguvu, lakini anayeyatumia hakuyasoma.

Kwa Tufe la Moto hasara si kubwa. Mzinga ni mzinga. Hasara huonekana katika tamko lililo karibu zaidi na sanaa ya lugha, nalo ni lile la daraja la pili liwezalo kuitwa Ushawishi. Kwa mujibu wa matini ya mwaka 2014, mganga humpendekezea kiumbe mmoja jambo la kufanya, kwa sentensi moja au mbili, na ni sharti pendekezo hilo liundwe kwa namna ambayo litasikika kuwa la busara. Kiumbe akishindwa kujiokoa, hulifuata kwa muda ufikao saa nane. Msomaji na azingatie sharti hilo. Tamko zima limekabidhiwa ufasaha wa mchezaji. Hakuna dadu inayoweza kumtungia sentensi. Ni lazima aitunge mwenyewe, hapo hapo, mbele ya msimulizi atakayeipima. Hili ndilo tamko pekee katika daraja lake ambalo mshairi angelitumia vizuri kuliko mwanahesabu. Na kwenye jedwali? Katika safu ya athari, ambamo Tufe la Moto lina dadu nane, Ushawishi una neno moja la kuainisha lenye maana ya udhibiti. Mchezaji mpya husoma neno hilo, hubonyeza, hutangaza kwamba adui 'amedhibitiwa', na msimulizi aliyechoka humkubalia. Sentensi haikutungwa. Mchezo umesonga mbele, lakini kile ambacho mwandishi wa matini alikitaka kitokee mezani hakikutokea.

Vifaa navyo vinastahili kusemwa kwa kirefu, kwa kuwa humo ndimo mlimofichwa ucheshi wa matini hizi. Tufe la Moto huhitaji kijidonge cha kinyesi cha popo na kibiriti-upele. Anayejua namna baruti inavyotengenezwa atacheka: mbolea ya popo hutoa shura, kibiriti kipo tayari, na kilichokosekana ni makaa tu. Mganga anayejiona amelitiisha jambo la mbinguni kumbe anachanganya baruti mfukoni, na asili ya kizinga ya mwaka 1971 inachungulia tena. Radi huhitaji kipande cha manyoya na kijiti cha kaharabu, bilauri au kioo. Yaani mganga anasugua kaharabu kwa manyoya kama walivyofanya Wayunani wa kale walipoona vijinyuzi vikirukia jiwe hilo. Lugha za Ulaya zililipa jambo hilo jina kutokana na neno la Kiyunani la kaharabu, na Kiarabu kikafanya vivyo hivyo kutokana na neno lililoizaa kaharabu ya Waswahili. Kiswahili kwa bahati nzuri hakikuhitaji mzunguko huo: umeme wa mawinguni na umeme wa nyayani ni neno moja, na mzaha wa Gygax ukifasiriwa hugeuka kuwa maelezo ya kawaida. Tamko la Kupeleleza Mawazo huhitaji sarafu moja ya shaba, na hapa fasiri hushindwa kabisa, kwa kuwa mzaha umesimama juu ya desturi ya Waingereza ya kumwahidi mtu senti moja ili aseme anachowaza. Ushawishi, huo uliotajwa, hudai ulimi wa nyoka pamoja na kipande cha sega la asali au tone la mafuta matamu. Mswahili hahitaji kuelezwa kwa nini.

Katika jedwali la kioo, kinyesi cha popo, kaharabu, sarafu ya shaba na ulimi wa nyoka vyote vimekuwa herufi moja. Itajibiwa kwamba sheria zenyewe zimeviondolea umuhimu, kwa kuwa mganga mwenye mkoba wa dawa au fimbo yake haulizwi kifaa kisichotajwa thamani yake. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa sheria. Kwa upande wa usimulizi halitoshi. Ulimi wa nyoka na asali ni sitiari ya tamko zima. Ni ufunguo anaopewa mchezaji ili ajue ni sauti ya namna gani aitumie. Mchezaji aliyeuona hawezi tena kusema kwamba adui 'amedhibitiwa'. Kuuficha nyuma ya herufi kwa kuwa hauongezi dadu ni kudhani kwamba matini haina kazi nyingine ila kuongeza dadu.

Ingekuwa rahisi kuendelea hivyo hadi mwisho na kuilaumu mashine kwa kila kitu, lakini uhakiki wa namna hiyo ungekuwa wa uvivu. Jedwali lilizaliwa na haja. Mganga yule wa daraja la tano huandaa matamko tisa, tena ana manne madogo ayatumiayo bila kikomo, na nafasi zake tisa za kutamkia zimegawanyika nne, tatu na mbili kwa madaraja. Kasisi wa mchezo huu ana mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa kila kukicha huchagua upya kutoka katika orodha nzima ya daraja zake. Kitabu cha mwaka 2014 kina matamko zaidi ya 300, yaliyopangwa kwa alfabeti na si kwa daraja, hivi kwamba anayetaka kulinganisha matamko yake tisa hufunua kurasa katika pembe tisa za sura moja. Wengi walinakili kwa mkono, wengine wakakata vipande vya karatasi wakavifunga kwa mpira. Jedwali ni mjukuu wa vipande hivyo. Kwa mtu aliyekaa mezani mara ya kwanza, hasa kijana asiye na kitabu chake mwenyewe, kuona kwamba tamko hili linahitaji mtu aelekeze moyo wake mahali pamoja, na lile halihitaji, ni msaada ambao hakuna mpenda nathari awezaye kuudharau. Alama ndogo inayoonyesha haja hiyo ya kuelekeza moyo pengine imezuia ugomvi mwingi kuliko aya yoyote.

Hata hesabu iliyofichwa ina pande mbili. Namba 15 iliyo katika mstari wa Tufe la Moto imetokana na 8, ikaongezwa 3 za ujuzi na 4 za akili. Karatasi ya zamani ilimlazimisha mchezaji kuijumlisha mwenyewe, na kwa kujumlisha alijua kwamba akili ya mhusika wake ndiyo inayowashinda maadui. Karatasi ya kioo humpa jumla. Anayeipokea hupata wasaa wa kusimulia, lakini pia hupoteza uzi unaounganisha sifa ya mhusika na tendo lake. Wahakiki wa riwaya watalitambua jambo hili.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote haya halihusu kile kinachoonyeshwa, bali anayeonyeshwa. Karatasi ya mezani ilikuwa mbele ya mwenyewe, na kurasa za msimulizi zilikuwa nyuma ya ukuta wake wa kadibodi. Maelezo ya tamko yalitoka kwa mtu kwenda kwa watu kwa njia moja tu, yaani kinywa. Msimulizi aliposema kwamba mzee aliyevaa kaniki ameinua mikono na anaanza kunong'ona, hakuna aliyejua kinachokuja. Humo ndimo lilimosimama tamko la daraja la tatu liwezalo kuitwa Tanguo. Kwa matini ya mwaka 2014, mganga amwonapo mwingine akitamka ndani ya futi 60, anaweza kulitangua tamko hilo papo hapo. Likiwa la daraja la tatu au chini linakufa bila shaka, likiwa la juu zaidi hutupwa dadu dhidi ya 10 pamoja na daraja lake. Ni uamuzi wa kufumba na kufumbua, naye anaamua gizani: huenda anapoteza nafasi yake ya thamani kwa kumzuia mzee asiwashe taa. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017, Xanathar's Guide to Everything, kililithibitisha giza hilo kwa kuweka sheria ya kulitambua tamko la mwingine: mtupo dhidi ya 15 pamoja na daraja, tena kwa kutumia itikio lilelile ambalo Tanguo hulihitaji. Mtu mmoja hawezi kutambua na kutangua kwa pamoja. Wawili wanaweza, ikiwa mmoja atatambua na kumpigia mwenzake ukelele. Kutokana na matini mbili kavu za kisheria imezaliwa tamthilia ndogo yenye taharuki na mshikamano.

Mtandaoni, msimulizi hubofya tamko la yule mzee, na kadi hutokea katika uwanja wa mazungumzo mbele ya macho yote: jina, daraja, masafa, pengine na dadu zilizokwisha tupwa. Giza limetoweka. Anayeamua kutangua anaamua akiwa anajua hata majeraha aliyoepuka. Hakuna mtu aliyeibadilisha sheria, na hakuna aliyekusudia kuibatilisha. Ni umbo la onyesho lililofanya hivyo, kwa wepesi wa kidole. Programu kama Roll20 humruhusu msimulizi kuipeleka kadi kwake peke yake kama mnong'ono, na wasimulizi makini hufanya hivyo. Lakini ni lazima akumbuke kuchagua hivyo, na katika mashine, lile linalotokea pasipo mtu kuchagua ndilo sheria ya kweli. Msanii wa fasihi simulizi huamua lini hadhira ijue. Kwenye kioo uamuzi huo umekwisha fanywa na fundi ambaye hajui hadithi inahusu nini.

Kwamba karatasi ya kioo imekuwa na mamlaka kuliko kitabu kulidhihirika mwezi Agosti 2024. D&D Beyond, ambayo kampuni ya Hasbro iliinunua mwaka 2022 kwa takriban dola milioni 146, ilitangaza kwamba kwa kuwa toleo lililorekebishwa la kitabu cha wachezaji lilikuwa linakaribia kutoka mwezi Septemba, matamko ya mwaka 2014 yatakayokuwa na mrithi yangebadilishwa kwenye karatasi za wahusika kwa matini mpya. Maandishi ya zamani yangebaki katika vitabu vya kidijitali vilivyokwisha nunuliwa. Aliyeyataka karatasini angeyaandika upya mwenyewe. Mabadiliko hayakuwa ya nukta na mikato. Ponya Majeraha lilitoka dadu moja ya pande nane likawa dadu mbili. Tanguo, lile la gizani, likageuzwa: sasa anayetanguliwa ndiye anayetupa mtupo wa kujiokoa. Ita Wanyama, lililokuwa likileta hadi wanyama wanane kila mmoja na mwili wake, likawa kundi moja la pepo wenye sura ya wanyama. Wachezaji walipinga kwa ukali, na kampuni ikabatilisha uamuzi huo kabla mwezi haujaisha.

Wengi waliiona kadhia hiyo kuwa ugomvi wa wateja na muuzaji, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Kwa mhakiki wa matini ina maana nyingine. Kampuni ilisema kweli iliposema kwamba hakuna kilichokuwa kinafutwa: kitabu kingebaki. Na bado wachezaji walihisi kwamba wamenyang'anywa, nao pia walisema kweli. Matini iliyomo kitabuni lakini haimo karatasini ilikuwa imekwisha kuwa maktaba, na iliyomo karatasini ndiyo iliyokuwa hai. Mhusika aliyewaita mbwamwitu wanane kwa miaka mitatu, na ambaye wenzake wanawakumbuka mbwamwitu hao kwa majina, angeamka siku moja akute kwamba hajawahi kuwa na uwezo huo. Kitabu kilichochapwa kikizeeka, huzeeka mikononi mwa mwenyewe, na matoleo mawili yanaweza kukaa rafu moja kama miswada miwili ya utenzi mmoja inavyokaa, kila mmoja na tofauti zake, pasipo mmoja kuurukia mwingine usiku na kuufuta. Kioo hakina rafu. Kina matini ya sasa tu, labda watu wapige kelele.

Ipo hasara nyingine iliyotokea bila kelele, nayo ni ya majina. Matamko kadhaa ya zamani hubeba jina la mganga aliyesemekana kuyabuni, na waganga hao walikuwa wahusika wa wachezaji wa mwanzo. Mordenkainen na Bigby walikuwa wa Gygax mwenyewe, Melf wa mwanawe, Leomund wa Lenard Lakofka. Tungo za Kiswahili zinaijua desturi hii, ambapo mtunzi hujitaja katika beti za mwisho ili utenzi usipotee na jina lake. Lakini tangu mwaka 2000, kampuni ilipotoa sheria za msingi ili zitumiwe na yeyote, majina hayo yalizuiwa kama mali, na zilipowekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023, toleo hilo nalo halikuwa nayo. Programu zinazotegemea hati hiyo huonyesha 'Mshale wa Tindikali' usio na mwenyewe, 'Mkono' usio wa Bigby, na 'Kibanda Kidogo' ambacho hakijulikani kilijengwa na nani. Aliyelipa huona jina. Asiyelipa huona tendo.

La ajabu zaidi ni lile la daraja la sita la kuita kitu kilicho mbali. Mganga hukigusa kitu, na jina la kitu hicho hujiandika juu ya yakuti samawi pasipo kuonekana. Siku atakapokihitaji hulivunja jiwe, na kitu humjia mkononi. Kikiwa kwa mtu mwingine, hakiji, ila mganga huambiwa ni nani aliyekishika. Katika kitabu tamko hilo ni la Drawmij, na jina hilo likisomwa kutoka kulia kwenda kushoto ni la James Ward, au Jim kama wenziwe walivyomwita, mmoja wa waandishi wa kwanza wa mchezo huu, aliyefariki Machi 2024. Katika karatasi ya bure jiwe bado limo, na jina lisiloonekana bado limeandikwa juu yake. La Drawmij ndilo halimo.